Kuku Mwenye Shoto

Mavi mabichi ya ng'ombe yakichanganywa na majivu hutoa harufu ambayo watu wa mjini hawaniamini nikisema ni nzuri. Kuna nyasi zilizotafunwa ndani yake, kuna moshi wa jana, kuna vumbi lililonyunyiziwa maji, na kwangu mimi kuna mama yangu, Jumamosi asubuhi, amejifunga khanga kiunoni na kupiga magoti ukutani mwa sebule yetu. Tuliishi kijijini, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kagongwa. Nyumba yetu ilikuwa ya tofali za udongo na sakafu ya udongo, na kila baada ya wiki mbili sakafu hiyo ilisiribwa upya. Mama hakujaaliwa mtoto mwingine baada yangu, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa yetu wawili. Mimi Kabula, yeye Mama Kabula, na karai moja katikati yetu.

Anayesiriba huanzia ukuta wa ndani na kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, asije akakanyaga alichokwisha kukifanya. Kiganja huchota, hupaka, kisha huteleza mara moja kwa mzunguko na kuacha upinde, halafu upinde mwingine pembeni yake, hadi chumba kizima kijae pinde zinazofuatana. Pinde za mama zote zilitazama upande mmoja. Zangu zilitazama upande wa pili, kwa sababu nina shoto. Mwanzoni alijaribu kunibadilisha mkono, akashindwa, akaacha, na baadaye nadhani alipapenda pale tulipokutana, kwa kuwa katikati ya chumba pinde zetu zilipogusana lilitokea umbo la jani, na jani lingine chini yake, mstari mzima hadi kizingitini. Wageni waliuliza nani kafundisha urembo ule. Mama aliwajibu kwamba ni mkono wa Kabula, nami nilijifanya sisikii ili arudie kusema.

Nilikuwa na miaka tisa Minza alipoletwa kwetu. Alikuwa na mitano, binti wa mama mdogo, yaani mdogo wake mama, ambaye alikuwa amekwenda upande wa Katoro kuwapikia chakula wachimbaji wa dhahabu na huko hakuwa na mahali pa kumlaza mtoto. Ilikuwa kiangazi, pamba imeshavunwa, shule zimefungwa. Minza alifika na gauni moja na ndala zisizofanana, akamwita mama yangu mayu kabla hata hajanawa miguu. Kisukuma kinamruhusu, kwa sababu dada wa mama yako ni mama yako, na hata leo sina hoja ya kupinga. Lakini neno lile lilinichoma. Kila alipoita mayu, mimi nilikuwa wa kwanza kugeuka.

Nisiseme uongo, mtoto mwenyewe hakuwa na kosa lolote, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mama alimtengenezea vitu. Alichukua kopo la rangi, akalipiga kingo kwa jiwe zisimkate, akatoboa matundu mawili na kutia kamba ya katani ili mtoto apate ndoo yake. Akamfungia kifagio cha urefu wa mkono. Akamfinyangia udongo wa kichuguu kiti kidogo cha mwanasesere, wakakianika pamoja juani, wakawa wanakwenda kukitazama kila baada ya muda kama mgonjwa. Mimi nilikuwa nimechotea maji ndoo ya watu wazima tangu nimeanza kutembea, au ndivyo nilivyojiambia, na kiti cha mwanasesere sikuwahi kupewa. Nilikipitia karibu sana nikiwa na mzigo wa kuni, nikitumaini kuni moja itateleza yenyewe. Haikuteleza.

Jumamosi ya kwanza mama alimwita Minza apige magoti pale nilipokuwa napiga mimi. Kwangu alisema tu, "Wewe mkubwa, lete mavi." Nikawa mtu wa zizini. Nilileta mavi, nikachekecha majivu, nikasimama nje ya mlango na kumwona mama akikishika kile kiganja kidogo na kukizungusha chini ya kiganja chake. Minza alitumia mkono wa kulia. Pinde zake zilikuwa ndogo na zimepinda ovyo, lakini zilitazama upande mmoja na za mama, na sebule ilipokauka hapakuwa na jani hata moja. Siku chache baadaye jirani mmoja alikuja kuazima ungo, akasimama uani na kusema, "Mwangaluka, Mama Minza." Labda alisahau, labda alitania. Mama aliitikia salamu, akampa ungo, asimsahihishe. Chakula cha mchana sikula, na nilihakikisha kila mtu anaona kwamba sili.

Kisha ikaja habari kwamba mama mdogo angefika kumwona mwanawe. Minza alikuwa na jambo moja tu moyoni: mama yake aone sakafu aliyoisiriba yeye. Siku ya mgeni mama alimwachia kipande cha mlangoni, upana wa mkeka, akisiribe peke yake bila kushikwa mkono. Alikifanya kwa kutoa ulimi nje, pole pole, na alipomaliza alikirudia akihesabu kila upinde kwa kidole bila kuugusa. Wakaenda kisimani kuoga. Mimi nilibakizwa kulinda sakafu mbichi isikanyagwe na kuku, kazi niliyokuwa nimeifanya miaka yote bila kasoro. Nilisimama kizingitini nikikitazama kipande kile. Niliinama, nikakifuta. Nilipitisha kiganja mara nne au tano, kwa nguvu, na bado nakumbuka ubaridi wake na jinsi mkono ulivyofurahi.

Waliporudi nilisema ni kuku. Minza alisimama akiwa na kopo lake mkononi, mdomo wazi, bila kulia. Mama alichuchumaa. Hapakuwa na alama ya kucha wala ya unyayo. Palikuwa na mikwaruzo mirefu mitano na yote imeelekea upande uleule ambao pinde zangu zilikuwa zimeelekea tangu nijifunze kazi ile. Aliitazama, akautazama mkono wangu niliouficha nyuma, kisha akasimama.

"Kuku huyu ana shoto," alisema.

Hakunichapa. Afadhali angenichapa. Alisema paachwe hivyohivyo, akaingia jikoni kusonga ugali. Mama mdogo aliposhuka njiani na mabegi yake, Minza alimkimbilia, akamvuta mkono hadi mlangoni, nami nikasubiri kusemwa. Mtoto yule alikionyesha kile kipande kilichovurugika na kusema, "Hapa nimesiriba na dada." Mama mdogo akatusifu wote wawili. Nilitamani Minza aseme ukweli, ili nami nipate sababu ya kumchukia kwa haki.

Jumatatu mama mdogo aliondoka naye, kwa kuwa alikuwa amepata chumba. Nilifurahi, sitaficha. Nilimbebea begi hadi barabarani kwa haraka ambayo mama aliiona. Jumamosi iliyofuata nilipiga magoti mahali pangu na majani yakarudi katikati ya sebule, lakini mama alisiriba siku ile bila kuimba. Lile kopo lilikuwa limesahaulika. Alilitundika msumarini, na nilipoliomba nichotee maji akasema hilo lina mwenyewe. Nimewahi kuwaonea wivu watu wengi maishani, ila ule wa kulionea kopo tupu sijaurudia.

Sasa ninaishi Shinyanga mjini, nyumba ya vigae. Sakafu yangu inadekiwa kwa maji na sabuni ya maua, inang'aa, haimjui aliyeipitia. Baba alipofariki nilimchukua mama nikae naye. Alikaa miezi miwili, akanywa chai, akatazama televisheni, kisha akaomba apelekwe Katoro kwa Minza. "Hapa kwako sina cha kushika," alisema. Minza ana duka la vyombo pale Katoro na nyumba ya vigae nzuri kuliko yangu, lakini nyuma ameacha jiko la udongo, na binti yake wa miaka sita amempa jina la mama yangu, Mbuke. Mimi wanangu niliwapa majina niliyoyapenda wakati ule. Nimeyajutia mara nyingi.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwaona bila kutoa taarifa. Niliisikia harufu tangu getini. Jikoni mama alikuwa ameketi juu ya kigoda, magoti hayakubali tena, akimwelekeza Mbuke mdogo kwa fimbo. Sakafu ilikuwa imejaa pinde ndogo, zote zikitazama upande mmoja, isipokuwa mlangoni. Hapo palibaki kipande kikavu, upana wa mkeka. "Shikamoo mama mkubwa," mtoto alisema. Nikamwitikia, nikamwuliza kile kipande wamemwachia nani, nikiwa tayari na jibu langu.

"Cha mama," alisema. "Akitoka dukani."

Nina miaka arobaini na moja, nina wajukuu wa dada wa mume wangu wanaoniita bibi, na nilivua viatu, nikakunja sketi ya safari, nikalivuta karai. Nilisiriba haraka. Nilikuwa nimebakiza upinde wa mwisho Minza alipotokea uani na funguo za duka mkononi. Alitazama chini kwanza, kwenye mstari wa majani uliokuwa umetokea pale pinde zangu zilipogusana na za mwanawe, kisha ndipo akanitazama mimi.

"Shikamoo dada," alisema. "Naona kuku amefika."

Mama alicheka hadi akashika ukuta. Minza alikuwa amekwisha kukunja mikono ya gauni lake, akisubiri nisogee. Niliitikia marahaba, nikauchora na ule wa mwisho.