Nyamvula na Lango la Malori

Ukiuliza Mtopanga ni nani anayejua kusema, utaelekezwa kwa Nyamvula wa mbaazi. Ni mjane wa Kigiriama. Asubuhi hukaa barazani kwake na karai la mahamri na sufuria ya mbaazi za nazi, na anayemchokoza hujibiwa hapo hapo. Nimemwona akimfukuza mkusanya ushuru bila hata kuinuka kwenye kigoda.

Nyumba ni yake, aliijenga na marehemu mumewe. Ardhi si yake. Ndivyo tulivyoishi huku miaka yote: kuta zako, udongo wa mwingine, na kodi ya kiwanja unampelekea mwenyewe. Zamani mwenye ardhi alikujua kwa jina, na ukifiwa alikuja kulala matangani. Wa siku hizi hata sura yake hatuijui. Tuliona tu kibao kimepigiliwa kwenye nguzo ya stima: kiwanja jirani kimeuzwa, supamaketi itajengwa, mwenye pingamizi afike kikaoni. Kwenye ramani, lango la malori lilichorwa ubavuni mwa nyumba ya Nyamvula, na njia yake ikapita juu ya baraza lake.

"Duka silipingi," aliniambia. "Watu na wanunue sukari yao. Lango walihamishie upande wa barabara kubwa. Wakinivunjia baraza nitauzia wapi, juu ya paa?"

Majirani wakakubaliana kwamba yeye ndiye atakayewasemea. Aliyefurahi zaidi ni Kioko, kijana wa bandarini aliyetoka Machakos, ambaye amepanga chumba nyumba ya pili.

"Mathe akishika maiki, hao watajuta," alisema; ndivyo vijana wa siku hizi wamwitavyo mama.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa kanisa. Nami nilikwenda, ingawa nyumba yangu iko mbali na mpaka huo. Afisa wa mipango alikuwa ameshaketi mezani alipoingia msemaji wa kampuni ya supamaketi, shati jeupe, kitambulisho shingoni. Alikuwa Kahindi, mume wa Lavender, binti wa pekee wa Nyamvula. Walikuwa wamemwajiri juzi tu, awe mtu wao wa kuzungumza na wenyeji. Naamini walijua walichokuwa wakifanya. Ushahidi sina.

Asiye wa kwetu nimweleze. Kwa watu wa Nyamvula, mama na mume wa bintiye hawabishani, hata kwa mzaha. Wakikutana njiani hukwepana. Hawali sahani moja. Na heshima hiyo ni ya pande mbili, si ya mama peke yake.

Nyamvula alivuta leso hadi kwenye paji la uso, akahamia safu ya nyuma kabisa. Kahindi alimwona. Nilikuwa nikimtazama, na macho yake yalimfuata mpaka alipokaa. Mkwe wa enzi za zamani angeomba radhi na kutoka nje, kazi ikifa na ife. Baba yake Kahindi nilimjua vizuri, naye angetoka. Huyu alikohoa kidogo, akafungua kompyuta yake.

"Majirani tumezungumza nao," alisema. "Hakuna mwenye tatizo na lango."

Afisa akaliita jina la Nyamvula. Hakuinuka.

"Mathe, si uongee," Kioko alimnong'oneza. "Huyu jamaa anatumaliza."

"Siwezi."

"Huwezi aje? Jana umenisema asubuhi yote juu ya ndoo moja."

"Wewe si mkwe wangu."

Kioko akasimama yeye, akasema lango halifai. Afisa alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Anayepakana na lango ni huyu mama. Yeye mwenyewe anapinga?"

Nilinyanyuka nieleze. Nyamvula akanivuta shati. Kusemewa mbele ya mkwewe ilikuwa aibu ile ile. Afisa akangoja, na kusema kweli alingoja sana, halafu akaandika kwamba pingamizi halikutolewa.

Ilibaki rufaa. Kioko alikwenda mwenyewe kuulizia, akaambiwa inawezekana, mradi mama aiombe na aje aseme. Nyamvula akaiomba, akapangiwa siku: mkwe ndiye aliyeanza kuvunja heshima, na mpaka aombe radhi, naye alikuwa huru kusema.

Kabla siku hiyo haijafika, Lavender alikuja kwa mamake na kuku na leso mpya. Nilikuwa barazani nakunywa chai. Akaniamkia shikamoo, akapiga magoti mbele ya mamake.

"Kahindi amenituma. Anasema amekosa."

"Amekosa nini?"

"Kukaa pale na wewe upo."

"Na lango?"

"Lango si lake, mama. Ni kazi."

Nyamvula alimtazama yule kuku aliyefungwa miguu. "Nikimpokea huyu, yamekwisha. Sina neno tena la kusema palipo na mumeo. Na huko kwenye rufaa watamleta yeye yeye."

"Usipompokea, ndugu zake watasema umemkataa mkwe." Sauti ya Lavender ilikuwa ndogo. "Mimi nitakaa vipi kule?"

Wateja wawili walikuja wakahudumiwa, wakaenda, na Lavender bado amepiga magoti. Kisha Nyamvula akampokea kuku, akamwambia bintiye akateleke maji ya kumnyonyolea.

Jioni Kioko alipita, bado amevaa buti za kazi.

"Mathe, rufaa ni kesho. Nimeomba ruhusa kazini, tunaenda pamoja."

"Kuku wake nimekula, mwanangu."

Kioko alicheka, akidhani anataniwa. Alipoona hakuna anayecheka naye, akakaa chini.

Sasa malori yanaingia tangu alfajiri. Baraza halipo. Nyamvula anakaanga mahamri uani, na wateja wachache wanaomjua huzunguka nyuma kumfuata. Kahindi akipita hapo na gari la kampuni hugeuza uso upande wa pili, asimwangalie mama mkwe. Watu humsifu kwa hilo. Wanasema kijana ana heshima.