Radhi Waliyomwomba Holo

Miaka yote ya utoto wangu pale Didia, bibi mzaa baba ndiye aliyeniamkia mimi. "Shikamoo, mama," alisema kila asubuhi, nami nilifundishwa kuitikia marahaba bila kucheka. Nilikuwa nimepewa jina la mama yake, Holo, aliyefariki kabla sijazaliwa, na kwetu Wasukuma anayerithi jina hupewa na heshima yake. Nilipotimiza miaka minane bibi alinivika pia bangili ya Holo. Ilikuwa ya shaba, imelika upande mmoja kwa kuvaliwa. Nikienda kuoga lamboni niliivua na kuiweka kwenye kibuyu kidogo chumbani kwa bibi.

"Wa kuitoa ni wewe tu," aliniambia. "Mwingine akiichukua bila wewe kumpa, Holo atamshika mkono huohuo."

Baba mdogo Luhende alikuwa mchimbaji wa dhahabu Rwamgasa. Shimo lake lilikuwa halitoi kitu, na mganga alimwagiza afukie mlangoni mwa shimo kitu cha wazee wa kwao. Hayo tuliyajua baadaye. Nilichokiona mimi, nikitoka lamboni siku aliyokuwa anarudi machimboni, ni yeye akitoka chumbani kwa bibi, mkono mfukoni.

"Kwaheri, bibi mzee," alinitania. "Meno yataota lini?"

Kibuyu nilikikuta kitupu.

"Bangili iko wapi?" baba aliuliza.

"Baba mdogo ameichukua."

"Ulimwona akiichukua?"

"Nilimwona akitoka ndani."

"Umeipoteza lamboni, halafu unamsingizia mtu mzima."

Nilichapwa mara mbili, kwanza kwa kupoteza, kisha kwa kusema uongo. Bibi alisema tu, "Mwacheni, itajulikana." Hakusema ananiamini. Kwa miezi mingi niliitwa mwongo nyumbani kwetu, na sahani ikivunjika niliulizwa mimi kwanza.

Masika yalipofika, udongo wa shimo ulimporomokea baba mdogo. Walimtoa akiwa hai, lakini mkono wa kulia ulivunjika. Alirudi Didia mkono umefungwa kwa kitenge cha mke wake, na bangili ameikunja kwenye kitambaa. Akaeleza yote. Wazee wakatikisa vichwa: Holo amekasirika.

Kondoo akachinjwa. Bibi akakoroga maji ya unga wa mtama. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyebeba jina, nilikalishwa kwenye kigoda, bangili ikarudishwa mkononi mwangu, na baba mdogo akapiga magoti mbele yangu.

"Bibi Holo, nimekosa. Nilichukua kitu chako bila kukuomba. Tuliza moyo, mkono upone."

Nilitakiwa nichukue maji yale mdomoni nimpulizie. Niligeuka nikamtazama baba. "Na mimi niliyechapwa?"

"Nyamaza," alisema. "Sasa hivi wewe ni bibi."

Nikampulizia. Wakapiga makofi. Nyama ilipokuwa jikoni, baba alinipa ndoo. "Haya, Holo, kateke maji, wageni wana kiu."

Nimewaza sana juu ya alasiri ile. Watu wazima walimtuliza marehemu kwa kondoo mzima, na mtoto aliye hai, aliyesema kweli tangu siku ya kwanza, wakamkabidhi ndoo. Walinihitaji nikae kwenye kigoda ili wapate wa kumwomba radhi, na bado hakuna aliyeniona nimekaa pale. Wala si kwamba hawakujua. Baba alijua alivyonichapa. Alifariki bila kulitaja.

Mwezi uliopita, hapa Shinyanga mjini, nilimvika mjukuu wangu Kabula bangili ile. Ana miaka mitano, imemlegea. Baba mdogo, mzee sasa, alikuwa amekuja kututembelea, naye akaukunjua mkono wake uliopinda.

"Njoo uone, mjukuu. Bangili hiyo ndiyo ilinifanya hivi. Ina nguvu hiyo."

Anaisimulia kwa fahari, kama mtu aliyepigana na simba.

"Baba mdogo," nilimwambia, "usimpe mtoto habari hiyo nusu. Mweleze na aliyechapwa."

"Aa, mwanangu, mambo ya zamani. Si nilikupigia magoti?"

"Ulimpigia Holo."

"Holo si wewe?"

"Siku ile baba alisema mimi ni bibi. Mtoto hakuombwa radhi na mtu."

Akaanza kutafuta fimbo yake ya kutembelea ilhali ilikuwa mapajani mwake.

Kama Holo alikasirika, sijui. Udongo wa masika hubomoka hata pasipo bangili. Ninachokijua ni hasira yangu, ambayo hakuna mganga aliyewahi kuitaja. Bangili ni ya Kabula sasa, ila sitamfundisha kwamba marehemu watamtetea. Nimemwambia akiibiwa aje aniambie, nami nitamsadiki kabla sijauliza swali la pili.

Alinisikiliza akiizungusha bangili mkononi. "Bibi, walivyokuchapa, iliuma?"

Baba mdogo alikuwa bado amekaa pale.

"Iliuma," nilisema.

Nina miaka zaidi ya hamsini, na huyo ndiye mtu wa kwanza kuniuliza.