Sura Iliyobaki Goma

Mimi mzururaji wa Nyamitaba, nyumbani ninakokuota ndotoni tu, niliwaahidi akina mama wa kambi ya waliokimbia vita ya Lushebere kwamba programu yangu itawaonyesha picha za watoto waliopotezana na wazazi wakaokotwa Walikale.

Programu hiyo hutegemea vipande vya msimbo vilivyoandikwa na wengine. Kwa kuwa kambini hakuna mtandao, nilitunga programu-jalizi, yaani programu ndogo ya nyongeza, ya kuvikusanya kwenye flashi. Niliiagiza ichukue vinavyohitajika wakati wa kujenga programu, nikasahau vinavyohitajika inapofanya kazi. Kwenye kompyuta yangu vyote vilikuwemo, basi ikaenda vizuri, sura zikaonekana, nami nikajipongeza kama fundi mkuu. Kompyuta niliiacha Goma kwa kuogopa vizuizi vya wenye silaha njiani, nikaja kambini na flashi tu.

Mama Baraka akaketi mbele ya kompyuta ya kambi. Jina Baraka likatokea, lakini akina Baraka ni wengi. Sura tu ndiyo ingemwambia kama ni wake. Chini ya jina pakabaki peupe.

“Papa, sura iko wapi?” akaniuliza.

“Kipande cha kusoma picha hakimo, mama. Kilibaki kwenye kompyuta yangu, Goma.”

Akanitazama.

“Yaani njo kusema mutoto wangu ulimuona, ukamuacha Goma?”