Kitanda cha Saba Kagoma Kula

Mama Ndoo, mhudumu wa wodi ya wanaume, alipewa jina hilo kwa sababu yeye na ndoo yake walikuwa chanda na pete. Wauguzi walipopungua, akakabidhiwa pia daftari la zamu, aandike kwa Kiingereza nani amekula na nani hajala. Kiingereza chenyewe alikuwa akikiokoteza tu.

Mzee wa kitanda cha saba, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, alikuwa na siku mbili hataki kula, eti uji hauna sukari. Mama Ndoo akaandika kwa herufi kubwa za kujivunia: "Bed seven stopped to eat."

Asubuhi daktari akasoma kwa sauti. "Safi! Mzee kasimamisha shughuli zake ili ale. Kesho aende nyumbani."

"Nani kala?" Mama Ndoo akashtuka. "Nimesema ameacha kula!"

Shuka la kitanda cha saba likafunuka ghafla. "Stopped eating!" mzee akafoka. "Miaka thelathini na minne nimelipigia kelele kosa hilo, leo ndilo linalonitoa hospitali!"

"Samahani, mwalimu. Lakini kula si kula tu?"

"Kwetu sisi, mama, kula moja inamaliza kazi. Wenzetu Waingereza wana mbili, to eat na eating, na kila kitenzi kinachagua yake."

Mama Ndoo akautazama uji uliokwisha kupoa, kisha akamtazama mzee aliyechangamka vile. "Basi nifundishe. Nikipatia, unameza kijiko."

"Want?"

"To eat." Kijiko kikaenda.

"Enjoy?"

Akakuna kichwa. "Eating." Mzee akameza, uso umemkunjamana.

"Refuse?"

"Eating."

"Kosa! To eat!" Mzee akafumba mdomo kwa raha zote. "Haya, remember?"

"To eat... hapana, eating... yoyote!"

"Yoyote, ila maana zinatofautiana."

"Lakini zote sahihi. Vijiko viwili."

Mzee akamgeukia daktari amtetee. Daktari akajifanya anasoma kipimajoto.

Bakuli likaisha na vitenzi kumi na sita. Siku ya nne mzee akaruhusiwa kweli, akamwachia Mama Ndoo orodha nzima nyuma ya boksi la dawa. Naye akaibandika ndani ya stoo, juu ya madekio. Tangu hapo muuguzi mkuu, ambaye hakuwahi kukanyaga stoo ile, haishi kwenda kutafuta sabuni, na anatoka mikono mitupu, midomo ikichezacheza.