Karai Moja, Mtoto na Mjusi

Ipo siku moja ya ujana wangu isiyonitoka kichwani, mwanangu, na leo naieleza kwa hasira. Mjukuu wangu Salumu, huyu huyu anayeniandikia maneno haya, alinijia jana hapa Chanika tunakoishi pamoja akasema ataleta iguana ndani ya nyumba yangu. Akanionyesha picha kwenye simu: mjusi wa kijani, mwenye miiba mgongoni na ngozi inayoning'inia chini ya kidevu. Alidhani nitashangaa. Mnyama huyo nilimfuga kabla mama yake Salumu hajaota meno. Andika, Salumu, wala usiruke neno.

Nilikuwa nikiishi Temeke, nikipeleka matembele na mchicha kwenye nyumba za watu wenye nafasi. Katika nyumba moja aliishi mgeni wa ng'ambo aliyefuga mjusi wa namna hiyo, na matembele yangu ndiyo yaliyokuwa chakula chake. Mgeni alipokuwa anarudi kwao, aliniuliza kama ningemchukua mjusi wake. Sikuuliza anaishi miaka mingapi, wala anakua kiasi gani. Niliwaza tu jinsi majirani watakavyonitazama, nikakubali.

Walinitazama, naam.

"Mama Zuhura kaleta kenge!" alipiga kelele jirani yangu Bi Tatu. "Jamani, ficheni mayai yenu!"

Nami kwa upumbavu nikamsadiki. Nikaacha majani ambayo kwa macho yangu nilimwona akiyala, nikamlisha mayai na dagaa. Nikamfungia chumbani chini ya tenga, asije akapigwa mawe, mahali ambapo jua halikufika hata kidogo. Baada ya miezi michache taya lake lililegea na miguu ikawa inatetemeka. Kiumbe anayehitaji jua kila siku, mimi nilimfunika kama kuku aliyeatamia.

Hilo lilikuwa kosa, lakini baya zaidi ni hili. Alipenda sana maji. Kila mchana nilimlowesha katika karai, naye alikuwa na tabia ya kujisaidia humo humo. Nilimwaga maji, nikasuuza mara moja, na jioni nikamwogeshea humo binti yangu Zuhura, mama yake Salumu, aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa. Nyumba yangu ilikuwa na karai moja.

Zuhura akaanza kuharisha. Siku ya tatu macho yalikuwa yamezama, na alilia bila machozi. Nilimkimbiza hospitali, nikapokewa na muuguzi mtu mzima, mwenye sauti ya chini.

"Nyumbani mnafuga nini?"

"Hatufugi kitu, mama. Ni mjusi tu."

"Mjusi tu. Anaogea wapi?"

Nikajifanya namfunika Zuhura kanga.

"Binti, nimekuuliza. Anaogea wapi?"

"Kwenye karai la mtoto."

Akaacha kuandika. "Basi mwanao umemwogesha chooni. Mjusi wa nini, kama si kutaka watu wakutazame? Kaa hapo umtazame huyu."

Nikamtazama siku nne, sindano ya maji ikiwa mkononi mwake, mkono mwembamba kuliko kidole changu cha gumba. Mungu akamrudisha. Niliporudi nyumbani, mjusi alikuwa amekufa chini ya tenga. Hakuna aliyethubutu kumpa hata maji. Nilimzika mwenyewe, kisha nikalitoboa lile karai kwa msumari, lisije likatumika tena.

Jana Salumu ananiambia, "Bibi, huyu ni mzima kabisa, halafu mpole." Mzima! Wa kwangu naye alikuwa mzima siku alipoingia. Ugonjwa aliubeba kwenye kinyesi chake, yeye mwenyewe asiumwe nao. Nawe Salumu una mwana wa miezi saba anayetambaa sakafuni na kutia kila kitu mdomoni. Kwangu mnyama huyo haingii.

Na wewe mwanangu unayesoma, kama nyumba yako haina mtoto mchanga wala mgonjwa, jiulize kwanza. Una mahali penye jua na kivuli, papana kwa mnyama ambaye pamoja na mkia wake anaweza kukuzidi urefu? Utamtafutia majani kila siku kwa miaka kumi na zaidi, na ukihama utamwacha na nani? Yuko daktari wa mifugo anayemfahamu? Wakuu wa wanyamapori wamekuruhusu? Chombo chake kiwe chake peke yake, na kisikaribie jikoni. Ukimchoka usimtupe porini, kwani si kwao. Ukikosa jibu la swali moja, mwache alipo. Picha inatosha.

Mwenyezi Mungu akupe, mwanangu, macho ya kumwona kiumbe kabla ya kutamani kuonekana naye. Awakuze watoto wako, wakuzike wewe, usiwazike wao.

Salumu, weka kalamu chini. Mwanao ameamka. Kanawe mikono kwanza, ndipo umbebe.