Siku Niliyochomoa Waya wa Joto

Jamani, hata leo nikipita karibu na kanisa la Nyanchwa huwa natazama upande mwingine, maana aibu niliyoipata pale Sabato moja ya miaka ya sitini bado haijanitoka mwilini.

Nilikuwa fundi kijana mjini Kisii, na nilikuwa nimepeleka posa kwa mzee Nyakundi wa Nyamache, nikimtaka binti yake Kemunto. Mzee hakukubali wala hakukataa, alisema tu, "Njoo unipeleke kanisani, nikuone." Yeye ndiye aliyekuwa mhubiri siku hiyo, kwa hiyo alivaa suti nyeupe (nyeupe pe, kama unga wa mahindi), akaketi mbele pamoja nami, Kemunto na mama yake nyuma, kwenye gari kuukuu alilonunua kwa mzungu mmoja wa mashamba ya chai.

Tulipoanza kupanda mlima, mshale wa joto kwenye dashibodi nao ukapanda, ukaingia kwenye nyekundu ukakaa. Mwenye akili angengoja injini ipoe. Lakini mimi wiki iliyotangulia nilikuwa nimegundua kipimo kibovu kwenye lori la majani chai, nikasifiwa sana, basi nikaona nafasi ndiyo hii. Nikasimama, nikafungua boneti.

"Tata," nikamwambia (ndivyo tunavyowaita wazee kwetu), nikieleza polepole kama mwalimu, "kuna kidude hapa kinachopima joto na kupeleka habari kwa waya huu. Kikiharibika, mshale hudanganya. Nachomoa waya, wewe tazama mshale."

"Leo Sabato, kijana. Hiyo si kazi?"

"Waya mmoja tu, Tata!"

Nikachomoa. Mshale ukaanguka mpaka kwenye baridi. "Umeona? Kidude ndicho kibovu!" Mama yake Kemunto akapiga makofi. Nami nikasahau kabisa kwamba waya ukichomolewa mshale huanguka tu, kidude kiwe kizima au kibovu, kwa sababu hakuna habari tena inayoufikia.

Tukaendelea, nikikanyaga mafuta, harufu ya mpira unaoungua ikitujia, nami nikasema ni breki za gari lililo mbele (hakukuwa na gari mbele). Tukaingia uwanja wa kanisa, watu wamesimama wakimwimbia mhubiri, injini ikazimika yenyewe. Mvuke! Nikaruka nje, nikavua tai, nikashika nayo kifuniko cha rejeta, nikakizungusha.

Kikaruka kama risasi. Maji ya kutu yakapanda juu kuliko paa la gari, wimbo ukakatika katikati ya neno, kisha yakashuka kama mvua juu ya mzee Nyakundi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anatoka garini.

Vidole vyangu vilikuwa vimeungua, wala sikusikia maumivu. Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka! Suti ilikuwa na rangi ya udongo wa shambani, maji yanadondoka kwenye masharubu, Kemunto amejifunika uso kwa kitambaa.

Mzee akajifuta macho, akaniuliza bila hasira, watu wote wakisikia, "Kijana, ule mshale ulikuambia kweli, ukaukata ulimi. Binti yangu akikuambia anaumwa, utachomoa waya gani?"

Akahubiri kwa koti la kuazima.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mshale ukipanda simameni, injini ipoe, tazameni maji, tazameni mkanda wa feni, ndipo mshuku kipimo, na mkikosea msife moyo, sote tulijifunza hivyo. Mimi niliapa sitauchomoa tena waya ili nipate jibu ninalolitaka. Injini ile niliitengeneza ikapona kabisa. Kemunto aliolewa na mwingine, huko Suneka.