Maneno Niliyomficha Bi Edith

Mwanangu, ipo siku moja ya Februari ambayo nimeibeba zaidi ya miaka hamsini bila kumsimulia mtu. Hata babu yako, Mungu amrehemu, hakuisikia. Keti hapo dirishani, weka simu chini kidogo. Nitaisema polepole, maana mpaka leo naona haya.

Kabla sijafika hapa Maryland, kabla mama yako hajazaliwa, nilikuwa nesi mwanafunzi Uingereza, katika mji mdogo wa pwani ya mashariki. Jina la mji nitaliacha. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimetoka Tanga na sanduku moja na koti lisiloweza baridi ile.

Usidhani ile bahari ilikuwa kama ya kwetu. Rangi yake ilikuwa ya maji yaliyokwisha kuoshewa vyombo. Mji wenyewe uliishi miezi mitatu tu kwa mwaka. Kiangazi treni zilishusha watu wa viwandani na watoto wao, nyumba za wageni zikajaa, punda wakabeba watoto mchangani, bendi ikapiga kila alasiri. Ikifika Septemba wageni wanaondoka, na mji unabaki na upepo wake. Hospitali yetu ilikuwa na wodi mbili, na wagonjwa karibu wote walikuwa wazee wa palepale. Nikiwaosha, wananisimulia. Kwamba zamani, kabla ya wageni, mji uliishi kwa samaki, na wanawake walisimama gatini kutwa nzima kuwapasua na kuwatia chumvi kwenye mapipa, vidole vimefungwa vitambaa visikatwe na visu. Kwamba wakati wa vita askari walilikata gati katikati ili adui asipate pa kushukia, na vita vilipokwisha likaungwa kwa mbao za rangi nyingine. Niliijua historia ya mji ule kabla sijaijua njia ya posta.

Na kila hadithi ya kiangazi ilimtaja Sam. Sam alikuwa mzee mweusi aliyekodisha viti vya turubai ufukweni. Ujanani alikuwa mchochea makaa melini, akashuka siku moja na hakupanda tena. Miaka arobaini alipanga chumba katika nyumba ya wageni ya mjane mmoja, Bi Edith. Alimsaidia kupaka rangi madirisha, kubeba makaa, kupokea mizigo ya wageni. Jumapili walitembea pamoja hadi mwisho wa gati, Sam mbele, Bi Edith nyuma hatua mbili, kama watu waliokutana kwa bahati. Mji mzima uliwaona, na mji mzima ulikuwa na la kusema.

Basi Februari ile Sam akaletwa wodini kwetu. Kiharusi. Upande wa kulia umekufa, na Kiingereza chote kimemtoka. Manesi walisema anabwabwaja tu.

Nilikuwa nabadilisha shuka za kitanda cha jirani nilipomsikia. Mwanangu, niliacha shuka nikasikiliza. Alikuwa anasema Kiswahili safi cha Pangani, kama cha babu yangu.

Sasa nikueleze ujinga wangu. Pale chuoni nilikuwa na rafiki wawili, Gillian na Pauline. Wiki za mwanzo walinicheka matamshi yangu, nami nikajitungia maisha mengine. Niliwaambia baba yangu ni jaji, na kwamba nyumbani kwetu hatusemi ila Kiingereza. Baba yangu alikuwa karani katika shamba la mkonge. Wakaacha kunicheka. Nikaanza kualikwa chai makwao.

Siku ile wote wawili walikuwa wodini wakati sista mkuu wa wodi aliponigeukia. "Wewe umetoka Afrika. Hii si lugha ya kwenu?"

Gillian aliinua uso. Nikasema, "Hapana, sista. Afrika ni kubwa, lugha ni nyingi."

Akaridhika, akaenda zake.

Bi Edith alikuja kila siku saa nane, saa ya wageni kuona wagonjwa, amevaa kofia yake ya kanisani. Alimshika Sam mkono ulio hai, na Sam akasema maneno yaleyale, polepole, machozi yakimtiririka upande mmoja wa uso: "Edith, mimi nilitaka kukuoa. Niliogopa midomo ya watu. Wewe ulikuwa tayari, mimi ndiye niliyeogopa. Nisamehe."

Siku ya tatu yule mama alinishika mkono wa gauni. "Nesi, ananiita jina langu, kisha anasema jambo refu. Kila siku ni lilelile. Hakuna kabisa mtu anayeweza kuniambia ni nini?"

Pauline alikuwa hatua tatu kutoka pale, anapima joto la mgonjwa. Nikamwambia, "Pole sana, mama. Ugonjwa huu ndivyo ulivyo."

Jioni ile nilikuwa namwekea Sam mto vizuri. Akanitazama usoni. "Binti, kwenu wapi?" Nilijishughulisha na mto. Akauliza tena, kwa upole, "Wewe si wa kwetu?" Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba simwelewi. Nadhani aliona kila kitu. Akasema, "Basi, mwanangu. Basi." Akageuzia uso ukutani.

Nilijiambia nitamweleza mama yule kesho, nikimkuta peke yake. Kesho yake Gillian alikuwepo. Keshokutwa nilikuwa na mtihani. Siku ya sita asubuhi nilipoingia, godoro lilikuwa tupu, limekunjwa.

Walimzika makaburi ya juu ya mji. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Waliokuwa watoto wakikalia viti vyake walikuja na watoto wao. Kasisi alisema maneno mazuri juu ya Sam. Mimi nilijua kwamba anaitwa Salimu, jina alilolitaja mwenyewe usingizini, na hata hilo nilinyamaza nalo.

Wiki moja baadaye nikashindwa kula. Nikaenda kwa Bi Edith. Alinikaribisha jikoni, akanimiminia chai. Nikamwambia yote: lugha, jina, maneno. Aliomba niyaseme kwa Kiswahili, kama Sam alivyoyasema. Nikayasema. "Tena," akasema. Nikayasema tena. Midomo yake ilikuwa inafuatisha.

Kisha akauliza, "Uliyasikia lini mara ya kwanza?"

"Siku ya kwanza, mama."

Hakupandisha sauti. Akasema, "Mimi nilikuwa na jibu. Ungenipa nafasi ya kumjibu." Akainuka, akanifungulia mlango.

Sikuwahi kulijua jibu lile. Kama ni ndiyo, kama ni lawama ya miaka arobaini, lilibaki kwake. Nilihama mji ule kabla ya kiangazi, na wale rafiki wawili, ambao kwa ajili yao nilifanya yote, leo hata sura zao zimenipotea.

Nimetunza wazee hapa Marekani, Oxon Hill, Annandale, hapa Adelphi, mpaka magoti yakakataa. Kila mzee aliyesema neno nililolijua nilimjibu. Watu walinisifu kwa hilo. Nilikuwa nainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Nakuambia haya kwa sababu ya Jumamosi iliyopita. Yule mama wa Kikongo pale duka la dawa alikusogelea, akakuuliza, "Mtoto, unasemaka Kiswahili? Unisaidie kusoma ile karatasi." Wenzako walikuwa wanatazama. Ukamjibu kwa Kiingereza kwamba hujui. Nilikuwa nyuma yako. Nilimsomea mimi, kisha nikanyamaza njia nzima, ukadhani nimekukasirikia. Sikukukasirikia, mwanangu. Nilijiona.

Basi nasaha yangu ni hii. Kiswahili chako kikivunjika, kivunjike. Aliyekwama hatafuti ufasaha. Ukisikia la mtu na ukaweza kulifikisha, lifikishe siku ileile, maana si lako kulikalia. Na ukikosea, nenda ukakiri hata umechelewa, ila usiende ukitaka kubembelezwa. Wanaokutazama leo watakusahau. Wewe hutajisahau.

Mungu akupe moyo usioogopa macho ya watu. Akukutanishe na wanaokuhitaji wakiwa bado hai, na kila mara akuwahishe. Amina, mwanangu.